Tabaka Saba za Rangi

Mama Mudogo Zubeda ameshona viti vya pikipiki miaka ishirini na miwili, hapa hapa mtaani Buyenzi, na hajui kuendesha pikipiki. Ukimwambia hilo linachekesha, anakuuliza kama mchimba makaburi lazima awe amekufa kwanza. Hainui hata macho kutoka kwenye cherehani.

Mumewe, Sulemani, alikuwa fundi rangi. Kama umewahi kuona pikipiki inang'aa mpaka unajiona meno ndani yake, huenda ilipita mikononi mwake. Alifariki mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi, kwa presha, amekaa kwenye kigoda na kitambaa cha kupulizia rangi kikiwa bado kimemfunika pua na mdomo. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo wenzake walichukua muda kujua kwamba safari hii amenyamaza kwa sababu nyingine.

Nyumbani aliacha mjane mwenye eda ya miezi minne na siku kumi, na Honda ya mwaka 1974 ambayo tangu aipate haijawahi kuwaka, katika chumba cha mbele, imefunikwa shuka la maua. Wageni wa msibani waliiwekea vikombe vya chai juu.

Honda hiyo aliipata kwa mapadri, ilikuwa imelala kwenye banda la kuku. Aliikata chasi nyuma, akashusha usukani, akabadilisha tanki, akaanza kuigeuza iwe kama zile alizokuwa anaziangalia kwenye simu mpaka chaji inaisha. Halafu akaipaka rangi. Tabaka saba. Nyekundu ya mawese, ile ya mawese mapya kabla hayajaganda. Alimwambia mkewe: "Ikiwaka tu, nakupeleka Kajaga, kule ziwani, kula samaki wa mukeke. Mi mbele, we nyuma." Zubeda alishona gauni la safari hiyo. Sasa hivi halimpiti mabegani.

Injini alipewa na kaka yake Uthmani, fundi umeme wa pikipiki, mtu aliyefundisha nusu ya mafundi wa mtaa huu na kuwatukana nusu zote mbili. Wakaifunga pamoja. Wakapiga kiki asubuhi hadi adhuhuri, haikukohoa hata mara moja. Sulemani, goti limevimba, akasema mbele ya barabara nzima: "Umenipa maiti." Uthmani akajibu: "Maiti ni mikono yako." Akahamia mtaa wa Carama. Miaka kumi na mmoja hawakusalimiana. Idi ikifika walitumiana nyama kupitia dada yao Hayat, na kila mmoja alimwuliza Hayat kama nyama ya mwenzake ilikuwa ngumu. Kumwita fundi mwingine wa umeme, Sulemani hakutaka. Wote walikuwa wanafunzi wa kaka yake. Basi pikipiki ikakaa. Kila Jumapili alikuwa anaifuta vumbi, anairudishia shuka.

Siku ya tatu ya matanga Uthmani alisimama mbele ya wanaume akasema maneno yake mafupi: "Chasi ni ya marehemu. Moteri ni yangu. Eda ikiisha nakuja kuifungua." Hakuna aliyebisha. Ilikuwa kweli.

Mimi ni mtoto wa dada yake Zubeda, nilikuja kukaa naye asibaki peke yake. Hayat naye alihamia, kulinda eda ya wifi yake. Alitundika kalenda ya duka la dawa ukutani, kila jioni anakata siku moja kwa kalamu nyekundu. Wanawake walikuja kumliza Zubeda. Kuna wenye kipaji hicho mtaani kwetu, wanaingia wakiwa wameshaanza kulia tangu barabarani. Walilia, wakanywa chai, wakaondoka. Yeye hakulia. Hayat alimwuliza moyo wake uko wapi, akasema:

"Ni kama muguu niliukalia muda murefu. Najua uko. Siusikii."

Siku ya ishirini na mbili niliamka nikakuta shuka la maua limekunjwa vizuri kwenye kiti, na Zubeda, ndani ya gauni lake jeupe la eda, amekaa chini na kabureta mapajani kama mtu anayechambua dagaa.

"Wifi, unafanya nini?" Hayat aliuliza.

"Kazi."

"Eda si ya kazi."

"Wapi imeandikwa?"

Hayat akajifunga mtandio akaenda kumwuliza shehe. Alirudi baada ya saa nzima, akavua viatu taratibu.

"Amesema nini?" Zubeda aliuliza.

"Ameuliza kama utatoka nayo inje. Nikamwambia haina hata magurudumu. Akasema basi."

"Na esansi? Petroli iko na harufu. Na mi sipaswi kujitia harufu."

Hayat alifikiri. "Siku utaona esansi ni marashi, niite."

Halafu akakaa chini, akamwuliza kwa nini hasa, maana Uthmani akija ataitoa injini hata kama imesafishwa na malaika. Zubeda aliendelea kusugua.

"Miaka kumi na moja nalala ukuta kwa ukuta na kitu sijasikia sauti yake," alisema. "Isikike mara moja tu. Alafu aende nayo."

Hilo tu ndilo alilotaka, na alikuwa na siku mia na nane.

Akaanza na kile anachokijua, yaani kiti. Alilaza utepe wake juu ya chasi pale Sulemani alipokata, akasoma. Akausogeza, akasoma tena. Sentimita thelathini na nane. Mtu aliyeshona viti miaka ishirini na miwili hahitaji kuelezwa maana ya thelathini na nane: ni makalio ya mtu mmoja, tena asiyekula sana. Kwa nyuma hapakuwa na pa kumweka mtu wa pili, wala pa kukanyaga, wala pa kuongeza chuma bila kuharibu umbo lote.

Alikunja utepe.

"Kumbe Kajaga nilikuwa naenda kwa miguu," alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akakata sponji, akakishona kiti kwa ngozi nyeusi na uzi mwekundu, siku mbili, akakifunga mahali pake. Kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, na hakukisifu.

Wiki zikaenda. Hayat alikuwa anapeleka vitu kwa mafundi ndani ya kikapu, amevifunika majani ya lengalenga, kana kwamba barabarani kuna askari wa kukagua vyuma kwa sumaku. Magurudumu yakarudi na matairi mapya. Injini ilimwagiwa mafuta kupitia tundu la buji, ile plagi ya moto, ikalala nayo siku nne, mpaka pistoni ikakubali kusogea. Esansi ilipatikana lita moja, kwenye chupa ya maji. Na wewe unajua esansi ilivyo adimu katika mji huu, sitasema ilipatikanaje. Siku ya mia moja na ishirini kila kitu kilikuwa mahali pake. Zubeda alipanda, akapiga kiki.

Kimya.

Alipiga asubuhi, akapumzika, akapiga baada ya alasiri. Siku zilizofuata hivyo hivyo. Hakulaani, hakuipiga teke. Alikuwa anapiga kiki kama anavyotwanga majani ya sombe, anahesabu, anabadilisha mguu. Kwenye kalenda zikabaki siku tatu.

Siku hiyo Uthmani alipita kumwambia dada yake kwamba Jumamosi baada ya adhuhuri atakuja na spana. Shemeji si maharimu, na eda ilikuwa haijaisha, kwa hiyo alisimama kwenye kibaraza, nje ya pazia la mlango, anaongea na Hayat aliyeketi katikati na tasbihi yake. Ndani kiki ikapigwa. Uthmani akakatisha sentensi.

"Unapiga kiki kama unafukuza imbwa," alisema.

"Shemeji, salamu kwanza," Zubeda alijibu kutoka ndani.

"Asalaam aleykum. Unapiga kama unafukuza imbwa."

"Wa aleykum salaam. Moteri yako imekufa, ndiyo sababu."

Pazia lilitikisika kidogo, nadhani ni upepo, nadhani ni Uthmani.

"Ile moteri haikufe."

"Basi imelala."

"Toa buji. Iache ndani ya kofia yake, uigusishe kwa silinda, upige kiki. Unaona moto?"

Kiki ikapigwa.

"Sioni."

"Angalia muzuri."

"Shemeji, mi natunga uzi kwa sindano bila lineti machoni. Moto apana."

Hayat alisogeza punje tatu za tasbihi.

"Bobini iko wapi?" Uthmani aliuliza. Bobini ni kile kidude kinachotengeneza moto wa buji.

"Chini ya tanki. Imefungwa kwa chasi, buloni mbili."

"Chini ya buloni kuko nini? Chuma?"

"Kuko rangi."

"Rangi ngapi?"

"Saba. Na ile ya kuzuia kutu, nane."

Hayat ndiye aliyemwona Uthmani: anasema alikaa kwenye ngazi bila kuangalia kama kuna maji, na kulikuwa na maji.

Nieleze kidogo. Kwenye pikipiki kama ile umeme ukishatoka lazima upate njia ya kurudi, na njia hiyo ni mwili wenyewe wa pikipiki, chuma kwa chuma. Rangi haipitishi. Fundi rangi hodari, mwenye mkono usioruka hata tundu la buloni, anaweza kuufungia umeme mlango kwa uhodari wake. Mafundi wanaiita njia hiyo masi, na ni somo la mwaka wa pili. Mimi diploma ya umeme niliiacha mwaka huo huo wa pili, na siku zote hizo nilikuwa nimekaa chumba kile kile nakula karanga. Nalisema mwenyewe kabla hamjaniuliza.

"Kwaruza," Uthmani alisema hatimaye.

"Wapi?"

"Pale bobini inagusa. Mpaka uone weupe."

Zubeda alitoa tanki, akafungua buloni, akachukua wembe wake wa kufumulia nyuzi. Hayat aligeuza uso. Kwa kweli hata mimi nilidhani atasita, maana hicho ndicho kitu pekee kizuri Sulemani alichomaliza maishani. Vingine vyote vilikuwa vya wateja. Hakusita. Wembe ulikwenda na kurudi, na vumbi jekundu likamwangukia kwenye gauni jeupe, akalipangusa kwa nyuma ya mkono kama makombo ya mkate. Alipofika kwenye chuma, palikuwa na doa la ukubwa wa kucha ya dole gumba.

"Naona weupe."

"Funga. Rudisha tanki. Fungua esansi. Piga mara tatu, si kumi."

Mara ya tatu ikawaka.

Ilianza kwa kikohozi, halafu ikashika. Kalenda ya duka la dawa ilianguka. Chumba kikajaa moshi wa mafuta aliyomwagia pistoni, na kuku wa jirani walikimbilia upande ambao hauna njia. Hayat akasema "Subhanallah" taratibu. Nje ya pazia Uthmani alipaza sauti, "Punguza, iko juu," halafu, "Zima sasa, utamaliza esansi." Zubeda alipunguza. Hakuzima. Alisimama pembeni, mikono imening'inia, anaiangalia tu, mpaka tone la mwisho la esansi likaisha na injini ikajinyamazia yenyewe.

"Umeisikia, wifi?" Hayat aliuliza.

"Nimeisikia."

Akapangusa mikono, akaniuliza kama maharage yameshachambuliwa.

Uthmani alikuwa bado kwenye ngazi. "Alisema ni maiti," aliliambia pazia. "Mbele ya watu."

"Nilikuwapo," Zubeda alijibu.

"Na mi nikamujibu."

"Nilikuwapo pia."

Akaondoka bila kuaga.

Eda iliisha. Zubeda alioga, akavaa gauni la bluu, akafunga pazia kwa fundo. Uthmani alikuja baada ya adhuhuri kama alivyosema, na spana zake kwenye kitambaa, na gunia begani. Aliingia chumba ambacho hakukiingia miaka kumi na mmoja. Aliizunguka pikipiki mara moja, akapitisha kiganja juu ya chasi kutoka mbele hadi pale ilipokatwa.

"Alijua kupaka," alisema.

"Kunywa chai kwanza, shemeji."

Hakunywa. Alilala chini kwa mgongo, mzee wa miaka hamsini na minane, akaingiza spana chini ya tanki. Tulisikia buloni inalia. Zubeda alishika sinia bila kulitua. Ikazunguka, ikazunguka, halafu ikakazika.

"Hii ya bobini uliiacha inacheza," sauti ilitoka chini. "Na utie grisi hapa umekwaruza. Itashika kutu."

Akachovya kidole kwenye kopo, akapaka, akafunika lile doa lote. Akainuka kwa shida, akafunga spana zake kwenye kitambaa, akakunja gunia.

"Na moteri?" Zubeda aliuliza.

"Nitakuja siku ingine. Leo nilibeba gunia dogo."

Ndani ya gunia lile ungeweza kuingiza ndama na mama yake.

Tangu hapo anakuja kila Ijumaa baada ya sala, na gunia lake. Anakagua mafuta, anaangalia buji, anasema siku ingine. Wiki nyingi esansi hakuna, basi wanagusisha buji kwenye silinda, Zubeda anapiga kiki, wanautazama ule moto mdogo wa bluu, wanakunywa chai. Juzi nilimwuliza mama mudogo Kajaga ni lini.

"Kiti ni cha mutu moja," alisema. "Ngoja huyo mutu ajue kwanza kuendesha."

Hajalia bado. Hayat anaendelea kusubiri.