Kompyuta ya Pendo na Nyumba Yetu ya Milango Miwili

Enzi zetu, wenzangu mliolelewa kwenye tembe, ujanja ulihitaji miguu. Siku hizi unahitaji kidole tu. Mjukuu wangu Pendo amekuja likizo hapa Iguguno na kompyuta yake, akanionyesha kwa majivuno: ndani mna diski mbili, kila moja na mfumo wake. Akiiwasha, inamuuliza aingie upande upi.

"Bibi, huku nasoma, kule nacheza magemu. Mama akichungulia anaona masomo tu. Upande huu haujui ya upande ule."

Nilicheka hadi kanga ikanivuka. "Mjukuu wangu, mimi nimeishi humo kabla mama yako hajazaliwa!"

Baba alikuwa na wake wawili chini ya paa moja la udongo. Mlango wa mama huku, wa mama mdogo kule, kila mmoja na jiko lake, kihenge chake cha nafaka na kibuyu chake cha maziwa. Walikuwa wamenuniana tangu mavuno, hata salamu hakuna. Mimi nikaneemeka! Nakula ugali wa uwele na mlenda kwa mama, nafuta mdomo, nazunguka kwa mama mdogo. "Shikamoo mama. Leo kwetu hawajapika." Napakuliwa tena. Nani angekwenda kuuliza?

Tumbo likaniponza. Siku wageni wanakuja kumposa dada yangu Eliza, niliyavamia maziwa ya mama aliyowawekea, nikayashusha hadi nusu. Nikajazia kutoka kibuyu cha mama mdogo. Maziwa ni maziwa, nikajiambia. Mjinga mimi! Mama alifukiza kibuyu chake kwa moshi wa mgunga, mwenzake kwa mti wa kwao wenye harufu kali. Mama alionja tone moja tu, akatoka kama nyuki aliyechokozwa. Vita vimewaka, na wakwe wako njiani. Posa ya Eliza inavunjika kwa ulafi wangu.

Wakakutana uani, kila mmoja na kibuyu chake, cha mama mdogo kimepungua.

"Maziwa yako yamefuata nini kwangu?"

"Na mimi nauliza yametokaje kwangu!"

Wakageuka pamoja. "Wewe!"

Mama mkono huu, mama mdogo mkono ule, nikachapwa kwa zamu. Kisha mama mdogo akauliza, "Mama Eliza, kumbe huyu alikuwa anakula na kwako?" Wakaitaja milo yangu mmoja mmoja, wakacheka mpaka wakakaa chini. Maziwa wakayachanganya kwenye kibuyu kimoja. Wakwe wakayasifu, wakaomba mengine. Eliza akaolewa.

Pendo anatamba kwamba mashine yake haimshtaki kwa mtu. Ni kweli. Diski zake zitakaa jirani miaka yote bila kujuana. Mimi nilichapwa na mama wawili, nikalala nimeshiba kwa wote wawili. Yeye hachapwi na yeyote, lakini siku akiharibu, nani na nani watakutana uani wamcheke?