Blanketi la Babu Laamkiwa

Juzi dukani Katesh, dada mmoja alimuuliza muuzaji blanketi la sufu linafuliwaje. Muuzaji hajui, nikadakia mimi: maji baridi, jamani, ulikanyage kwa miguu, na usilianike kwenye kamba, litavutika!

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali, mama alilifua la babu tulipomaliza kumzika, akalitandaza juu ya rundo la mabua ya ngano uani. Dereva wa trekta, ambaye hakuwa na habari ya msiba, akapita, akaliona, akadhani mzee kajifunika kajipumzisha. Akavua kofia.

“Shikamoo, babu!”

Akarudia, akasubiri, maana kwetu hupiti kabla hujaitikiwa.

Mama akainuka kwenye beseni, mikono inachuruzika maji, akalitazama blanketi, kisha akaitika:

“Marahaba, mjukuu wangu. Nenda salama.”