Mlinzi wa Bariere ya Chini

Mke wangu alipokufa, sikuweza tena kulala katika nyumba yetu kule Ngungu. Nilimwachia mdogo wangu shamba la maharagwe, nikapata kazi ya kulinda bariere, mti wa kufunga njia, kwenye barabara ya mlimani, ile iliyotelemka kutoka Masisi kuelekea msitu wa Walikale. Barabara ilikuwa nyembamba, kamyo mbili, yaani malori, hazikuweza kupishana. Zile zenye abiria zikishuka, za chini zilingoja. Mimi na mlinzi wa bariere ya chini tulipeana ishara kwa ngoma, lakini mvua ikinyesha ngoma haikusikika, na abiria walilala barabarani, akina mama wamefunika watoto kwa majani ya migomba.

Ndipo ikaletwa telefone: sanduku jeusi lenye mkono wa kuzungusha, na waya uliofuata nguzo hadi bariere ya chini. Mlinzi wa huko sikuwa nimemwona kamwe.

"Kaka, kamyo ya mwisho imefika," aliniambia siku ya kwanza. "Nafungua huku."

"Fungua."

Kidogo kidogo tukaanza kuulizana habari za mvua, za homa, za chakula. Naye aliishi peke yake. Siku moja nilimweleza habari za mke wangu.

"Pole, kaka," akasema. "Niko hapa."

Kuonana ilikuwa vigumu, maana bariere moja haikufaa kitu bila nyingine, na hakuna aliyeweza kuiacha yake. Hatimaye mlima uliporomoka, barabara ikafungwa, nami nikashuka kwa miguu. Nilimkuta mlangoni pake, mzee kuliko nilivyodhani, mfupi, mwenye haya. Tulikula bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kila mmoja alitazama sahani yake. Nikaaga mapema, nikapanda tena hadi kwangu.

Kesho yake telefone ikalia.

"Njo weye?" akauliza, kuhakikisha ni mimi.

"Njo miye."

"Jana nilikuwa nasikia haya sana, kaka."

"Hata miye."

Tukacheka, tukaongea asubuhi nzima.

Baadaye barabara ilipanuliwa, kamyo zikapishana bila kusimama, waya ukakunjwa. Mara ya mwisho tuliongea habari ya kamyo iliyoharibika, hakuna zaidi. Niliwapa madereva salamu wampelekee mwenzangu. Mmoja akarudi nazo.

"Papa, yule alirudia kwao."

"Kwao ni wapi?"

Dereva hakujua. Mimi nami sikuwa nimemwuliza kamwe.