Fungua Pampu

Fundi wetu mkuu alitaka jambo moja tu: arudi kwao Nyamira akachume chai yake. Meneja wa jengo, ghorofa tano katikati ya mji wa Kisii, alikataa kumwachilia. Siri za pampu, jenereta na matangi zilikuwa kichwani mwa mzee huyo, na meneja alitaka ziandikwe kwanza.

Kazi hiyo nilipewa mimi, karani wa ofisi. Nilimfuata mzee kila kona, yeye akisema, mimi nikiandika. Kisha nikabandika kwenye kila mashine kile kimraba cha vidotadota cha kuskani kwa simu. Fundi akikiskani, maelezo yanatokea palepale, hana haja ya kupanda ngazi kuja kuuliza. Nilijiona msomi kwelikweli.

Jumatatu moja maji yalikosa kufika ghorofa za juu. Mzee alikuwa mazishini Masimba. Zamu ilikuwa ya fundi mpya, mama mmoja wa Nyanchwa, mchapakazi asiyebahatisha. Mzee aliporudi saa tisa alasiri, nami nyuma yake, tulimkuta ameketi juu ya gunia, pampu imetawanyika mbele yake, skrubu zimepangwa kwa ukubwa.

"Mama, nani amekuambia uibomoe?"

"Tata, mzee wangu, si imeandikwa hapa kwa simu? Maji yakikosa juu, fungua pampu. Nimefungua. Haina kitu mbaya."

Mzee alinigeukia, akaangua kicheko. Huku kwetu tunafungua redio, tunafungua stima, tunafungua pampu, tukimaanisha kuwasha. Ndivyo alivyoniambia, nami nikaandika vilevile. Lakini kwa aliyeshika spana, kufungua ni kufungua. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Meneja aliposikia, hakucheka. Safari ya mzee ya kurudi kwao ilisogezwa mbele mwezi mzima.

Mwezi huo tulipitia maelezo yote upya, sisi watatu, mama akisema kila neno lingemfanya afanye nini. Nikaandika washa, nikaandika zima, nikaandika legeza. Hatimaye mzee akaenda zake.

Wiki ya pili alinipigia simu.

"Stima ilipotea huko jana?"

"Ilipotea, mzee."

"Jenereta?"

"Mama aliiwasha."

"Na maji?"

"Yalifika juu."

Nilisikia kuku wake wakilia.

"Na hakuna mtu alinipigia," akasema.