Skana Niliyoichagua Mimi

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa karibu kila siku, ofisi yetu ya kuwaandikisha, pale Kigoma, ilielemewa na karatasi. Makabati yalijaa, mafaili yakapangwa sakafuni, mvua ilipopenya darini yakalowa. Mkuu wa ofisi akaniita.

"Tafuta skana ya kazi nzito. Wewe ndiye unayejua haya mambo ya kompyuta."

Nilikuwa nimehamia kutoka Singida, mgeni bado, na nilitaka kuonekana. Duka moja pale Mwanga lilikuwa na skana mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kioo: unalaza karatasi moja, unafunika, unasubiri. Ya pili ilivuta rundo zima yenyewe, pande zote mbili, huku wewe unakunywa chai.

Nilifuatana na dada aliyesimamia masjala, mwenyeji wa hapo hapo mjini, mtaa wa Kasingirima. Aliitazama ile ya haraka, akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, karatasi za watu hawa zimelowa mitumbwini, zimekauka vifuani mwao. Hii itazitafuna. Chukua ya kioo."

"Dada, kwa kioo hatumalizi hata mwakani."

"Basi tusimalize."

Nilicheka. Nikaandika mapendekezo ya kurasa mbili kuhusu kasi, mkuu akasaini.

Wiki chache nilisifiwa. Kisha akaja mama mmoja kutoka Burundi. Alipotezana na bintiye wakati wa kukimbia. Sasa msichana alikuwa kambi nyingine, na mama alitakiwa kuthibitisha kwamba ni wake. Uthibitisho wake wote ulikuwa cheti cha ubatizo cha binti, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Parokia yenyewe ilikuwa imeteketea.

"Nina hiki tu, mwanangu."

"Dakika moja, mama. Nakurudishia sasa hivi."

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Nilikinyoosha kwa kiganja, nikakiweka kwenye trei. Mashine ikavuta, ikakwama, ikalia. Nilipofungua kifuniko, cheti kilikuwa kimeachana kwenye mikunjo, na pale palipoandikwa jina la mama, karatasi ilikuwa imesagika ikawa kama unga.

Mama alikusanya vipande kwenye kanga yake, kimoja kimoja.

"Bado kinasomeka?"

"Kinasomeka, mama," nilisema.

Niliviunga kwa selotepu, nikaandikia makao makuu barua ya kueleza kosa langu. Jibu likarudi: hati haisomeki, waletwe mashahidi. Mashahidi wake walikuwa wamekufa. Alikuja kuuliza mara nne, na kila mara nilimwambia asubiri. Kisha akaacha kuja.

Dada wa masjala hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Jumamosi moja nilipanda gari la ofisi mpaka kambini, nikaulizia hema lake. Nililikuta na familia nyingine, watu waliofika juzi tu. Hawakumjua. Nikaenda ofisi ya kambi kumuulizia bintiye. Nikaambiwa kundi la msichana kule kambi nyingine lilihamishwa, na orodha ya waliohamishwa haikuwepo.

Nilirudi kwenye lile hema, sijui kwa nini. Wenyewe wakanipa kigoda. Nikakaa.