Dawa ya Nyanya

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu silitaji, na la binti yangu nimelibadilisha, kwa sababu mume wangu husoma kurasa kama hizi, na kumwambia haya uso kwa uso nimeshindwa.

Nauza dawa za mifugo na mimea katika agroveti moja hapa Kitengela. Chupa za sumu ya wadudu huwa na utepe wa rangi chini: kijani, bluu, njano, nyekundu. Nyekundu maana yake ni hatari kubwa, isishikwe na mtu ambaye hajafunzwa, na ndani ya nyumba isiingie kabisa. Tulifundishwa haya semina nzima! Lakini mimi kwa kaunta niliigeuza ikawa sifa. Mteja akiuliza ipi inafanya kazi, namwambia, "Chukua nyekundu, baba. Hii haibembelezi mdudu." Anacheka, ananunua. Nilisema hivyo mpaka nikaamini mwenyewe.

Mwaka huu mama mkwe akasema anakuja kutoka Kakamega kumwona mjukuu. Jamani, nyumba yangu ilikuwa imejaa kunguni! Nilijua akirudi na alama za kuumwa, akina mama wote wa kanisa lake watasikia kwamba mke wa mwanawe huku Kitengela analaza wageni na wadudu. Nikaona afadhali nife.

Nikatoa dukani dawa ya kupulizia nyanya, ya utepe mwekundu. Asubuhi ya siku ya kuja kwake nikapulizia godoro, mbao za kitanda, hata blanketi. Binti yangu Neema akachungulia mlangoni.

"Mami, hiyo ni nini?"

"Ni dawa ya nyanya. Toka hapo!"

Nikafungua madirisha, harufu ikapungua, nikatandika shuka safi. Mama akalala hapo. Alinibariki sana, akasema wakwe zake wengine hawajawahi kumpa kitanda kizuri hivyo.

Kesho yake aliamka anatokwa na jasho na mate, macho hayaoni vizuri, pumzi inakatika. Tukamkimbiza hospitali. Mume wangu akabaki dirisha la mapokezi akimwandikisha, mimi na Neema tukaingia na mama kwa daktari.

"Kuna dawa yoyote ameshika, ama mmepuliza kwa nyumba?" daktari akauliza.

Nikaubana mkoba wangu kwapani. Neema akaropoka, "Kulikuwa na dawa ya nyanya!"

Daktari akanigeukia. "Nyanya anatumia dawa gani?"

Mungu wangu! Mtoto alikuwa amesema ukweli wote, na daktari akaelewa kwamba ni dawa za bibi yake. Nikasema, "Ya presha, daktari. Na ilikuwa imeisha."

Presha alikuwa nayo kweli. Basi wakahangaika na presha, na mama akafa kabla jua halijatua.

Baadaye nilisoma karatasi ya ile chupa, maandishi ambayo nimeyauza miaka yote bila kuyasoma. Imeandikwa daktari aonyeshwe chupa mara moja, kwa sababu iko dawa ya kuizima sumu hiyo. Na chupa ilikuwa kwa mkoba wangu! Nilikuwa nimeibeba niirudishe dukani.

Ndugu zangu, nawasihi, angalieni ile rangi. Muuzaji akiwasifia nyekundu kama nilivyosifia mimi, tokeni kwa hilo duka. Dawa ya shamba ibaki shambani. Na daktari akikuuliza, sema! Hata kama ni aibu, hata kama mume amesimama hapo, sema. Kunguni kila mtu ashawahi kuwa nao.

Mume wangu siku hizi hali chakula. Siku ile mama alipofika alimwomba mwanawe amnunulie vidonge vyake vya presha, naye akamjibu, "Nitakuletea kesho, mama." Sasa hunijia jikoni analia, "Mama Neema, ni mimi nilimuua mama." Nami namshika bega, namwambia ni mapenzi ya Mungu.