Matope ya Mechi ya Mwisho

Shwa, shwa, shwa. Brashi ya viatu, asubuhi, kutoka chumba cha kufulia. Mpaka leo naisikia. Nilikuwa nafika kazini, kwenye makao ya wazee kule Burnsville, karibu na Minneapolis, nikiwa na furaha tele, maana siku hiyo mtoto wa mzee wetu angekuja kuchukua daluga, vile viatu vya mpira, za babu yake.

Mzee alikuwa ameshapita miaka tisini, na alitaka kitu kimoja tu: mwanawe aamini habari za babu yake. Babake mzee alicheza mpira wa kulipwa Uingereza, kabla ya vita vile vya kwanza. Mechi ya mwisho alivunjika goti. Siku hizo hakukuwa na kubadilisha mchezaji, basi wakamsukuma pembeni mwa uwanja, achechemee mpaka filimbi ya mwisho, mashabiki wakimzomea. Klabu ikakataa kumlipa, ikakataa pia kumwachilia aende kwingine. Akaishia Minneapolis, kubeba magunia ya unga. Daluga hakuziosha. Matope ya siku ile yalikauka kati ya njumu, na mzee hakutaka yaguswe.

Aliyeshika brashi alikuwa Aunty, Mkenya mwenzangu wa shifti ya usiku. Hakuna aliyemwambia habari ya matope.

"Mgeni anakuja, halafu akute viatu vimejaa matope? Tutaonekanaje?"

Ziling'aa kama za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Matope yalishaenda na maji ya sinki. Nilipomweleza, Aunty alikalia ndoo. "Woi, mami," akasema, basi.

Mtoto wa mzee alipofika, naye mtu mzima mwenye mvi, alizigeuzageuza.

"Baba, hizi umenunua wapi? Babu alivunjika goti kwa kuanguka kwenye mkokoteni, amelewa. Ukoo mzima unajua."

"Muulize huyu binti. Aliyaona matope."

"Niliyaona," nikasema.

"Huyu analipwa kukulisha, Baba. Atasema chochote unachotaka."

Akaziacha kitandani. "Kazitupe," akaniambia, "au uvae ukacheze." Alikuwa akicheka. Chai niliyommiminia hakuigusa.

Mzee akageukia ukuta. Mchana hakula. Nilijaribu utani wangu wote, hata ule wa mimi kuchezea timu ya taifa na hiki kitambi, hakugeuka.

Alipolala, nikazibeba daluga mpaka nyuma ya jengo, theluji ilikokuwa ikiyeyuka. Nikachota matope kwa kidole, nikayashindilia kati ya njumu, nikaziweka juani zikauke.